Upimaji wa Muda wa Kazi: Njia ya Kupunguza Foleni katika Maghala ya Kahawa Karagwe na Kyerwa

Msimu wa kahawa unapofunguliwa mkoani Kagera, barabara za vijijini katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa hujaa baiskeli, pikipiki na magari madogo yaliyobeba magunia ya kahawa ya maganda kuelekea kwenye maghala ya Vyama vya Ushirika vya Mazao na Masoko (AMCOS). Kwa mkulima, safari hiyo ni hatua ya mwisho ya kazi ya mwaka mzima. Hata hivyo, mafanikio yake hutegemea pia namna kazi ilivyopangwa ndani ya ghala: nani anapima, nani anaandika, nani anabeba, na kila hatua inachukua muda gani.

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini AMCOS za wilaya hizo mbili zimeendelea kuhudumiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Wilaya ya Karagwe (KDCU). Kahawa hukusanywa katika maghala ya vyama vya msingi, kisha huuzwa kwa mnada kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), chini ya usimamizi wa Bodi ya Kahawa Tanzania na Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania. Msingi wa utaratibu wa stakabadhi za ghala uliwekwa na Sheria ya mwaka 2005.

Katika mfumo huu, kahawa ambayo haijapimwa, haijaandikwa na haijapangwa ghalani haiwezi kuingizwa katika orodha ya mnada. Kila siku inayopotea mlangoni mwa ghala yaweza kuisogeza kahawa hiyo hadi mnada unaofuata, na malipo ya mkulima yakasogea nayo. Mkulima mwenye ada ya shule au mgonjwa nyumbani akichoka kusubiri, huwa karibu zaidi na mnunuzi wa butura anayenunua kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, au mfanyabiashara wa magendo anayeivusha mpakani. Serikali imekuwa ikikemea biashara hizo mara kwa mara. Ghala linalohudumia kwa wakati ni sehemu ya kuzidhibiti.

Maana na asili yake

Upimaji wa muda wa kazi ni utaratibu wa kuigawa kazi katika hatua ndogo zinazoonekana, kupima muda wa kila hatua mara nyingi, na kutumia matokeo hayo kupanga watu, vifaa na mpangilio wa eneo la kazi. Utaratibu huo ulipata umaarufu nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kupitia Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa kiwanda cha chuma mjini Philadelphia. Baadaye Frank na Lillian Gilbreth waliuongezea uchunguzi wa mienendo ya mwili wa mfanyakazi, ili kuondoa hatua zisizo za lazima.

Historia yake ina onyo pia. Mwaka 1911 wafanyakazi wa karakana ya silaha ya Serikali ya Marekani huko Watertown, Massachusetts, waligoma baada ya kupimwa kwa saa bila ridhaa yao. Tangu hapo imefahamika kwamba saa inayotumika kumkimbiza mfanyakazi huzaa mgomo na takwimu za uongo. Kinachopaswa kupimwa ni kazi yenyewe, na anayeifanya ashirikishwe tangu mwanzo.

Hatua za kupokea kahawa

Katika ghala la AMCOS, upokeaji wa kahawa huwa na hatua tano za msingi: kushusha mzigo, kukagua unyevu na usafi, kupima uzito, kuandika stakabadhi, na kupanga magunia juu ya chaga. Mpimaji husimama mahali asipozuia kazi, akiwa na saa ya kuhesabu sekunde au simu ya mkononi pamoja na karatasi yenye safu tano. Kila hatua hupimwa angalau mara kumi, kwa siku tofauti: siku ya kawaida, siku ya msongamano na siku ya mvua. Muda ukitofautiana sana, vipimo huongezwa.

Ufuatao ni mfano wa hesabu, si takwimu za ghala lolote. Tuseme vipimo vimeonesha kwamba kwa kila mkulima kushusha mzigo huchukua dakika 3, kukagua unyevu dakika 2, kupima uzito dakika 4, kuandika stakabadhi dakika 6 na kupanga magunia dakika 4. Kila hatua ina mtu wake, hivyo kazi huendelea kwa pamoja. Kasi ya ghala zima basi haiwezi kuzidi kasi ya hatua iliyo ndefu kuliko zote. Hapa hatua hiyo ni uandishi wa stakabadhi, na ghala litahudumia wakulima 10 tu kwa saa.

Iwapo kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi wanafika wakulima 15 kila saa, wote watakuwa 45. Kati yao 30 watakuwa wamehudumiwa na 15 watakuwa bado kwenye foleni. Atakayekuwa wa mwisho atasubiri takriban dakika 90, na huenda mzigo wake uko juani au chini ya mawingu ya mvua.

Bila vipimo, uongozi waweza kudhani kwamba tatizo ni mzani na kununua wa pili. Fedha zitatumika, nayo foleni itabaki ilivyo. Vipimo vinaonesha njia nyepesi zaidi: karani wa pili aandikishe majina, namba za wanachama na idadi ya magunia wakati wakulima wakiwa bado wanasubiri. Iwapo uandishi wa dakika 6 utagawanywa katika sehemu mbili za dakika 3, hatua ndefu zaidi zitabaki kuwa zile za dakika 4, na ghala litahudumia wakulima 15 kwa saa. Aidha, kwa kuwa wakulima hawafiki kwa mpangilio ulio sawa, ratiba ya vitongoji kwa siku husaidia kusambaza mzigo wa kazi ndani ya wiki.

Muda wa haki kwa mfanyakazi

Mtu anayejua kwamba anapimwa mara nyingi huongeza kasi, na kasi hiyo hawezi kuidumisha siku nzima. Kwa sababu hiyo, muda uliosomwa kwenye saa hurekebishwa mara mbili kabla ya kuwa kiwango.

Tuseme wafanyakazi wawili wenye toroli wanapeleka gunia kutoka kwenye mzani hadi kwenye rundo kwa sekunde 50, na mpimaji akaona kwamba kasi yao ni asilimia 110 ya kasi ya kawaida. Muda wa kawaida utakuwa sekunde 55. Ikiongezwa asilimia 20 kwa ajili ya uchovu, maji ya kunywa na mahitaji ya binafsi, muda wa kiwango unakuwa sekunde 66. Kwa muda huo, magunia 54 yatapangwa kwa saa. Msimamizi anayepanga kwa kutumia sekunde 50 atatarajia magunia 72, na jioni atawalaumu vibarua kwa kosa lililo katika hesabu yake mwenyewe.

Uzito nao una nafasi yake. Gunia la kahawa safi kwa kawaida huwa na kilo 60, ilhali pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linaweka ukomo wa kilo 55 kwa mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja mtu mzima. Toroli, au watu wawili kwa gunia moja, ni kinga ya mgongo wa mfanyakazi, na mara nyingi huharakisha kazi pia. Vilevile, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, pamoja na mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kiwango cha kazi hupangwa ndani ya mipaka hiyo.

Upakiaji wa malori

Vipimo hivyo hivyo husaidia wakati wa kusafirisha. Lori la tani 30 hubeba magunia 500 ya kilo 60. Iwapo kutoa gunia kwenye rundo na kulipakia nako huchukua sekunde 66, kundi moja litahitaji zaidi ya saa 9 kumaliza. Makundi matatu yatamaliza kwa takriban saa 3, mradi mlango na njia vinatosha bila wao kugongana. Kwa kahawa inayosafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bandari ya Dar es Salaam, siku iliyookolewa ghalani ni siku iliyookolewa katika safari nzima.

Yasiyopaswa kuharakishwa

Zipo hatua ambazo kuzifupisha ni hasara. Kahawa iliyohifadhiwa ikiwa mbichi huota ukungu, na baadhi ya ukungu huzalisha sumu iitwayo okratoksini, ambayo masoko ya nje huikataa. Dakika mbili za kipimo cha unyevu hazipunguzwi hata foleni ikiwa ndefu. Hali ni hiyo hiyo kwa mzani: uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo, uanzie sifuri mbele ya mkulima, na uzito usomwe naye akiona kabla ya kuandikwa. Muda wa kuokoa umo katika kutembea kusikokuwa na sababu, kuandika jambo moja mara mbili, na kuhamisha gunia lililowekwa mahali pasipostahili.

Upimaji wa muda wa kazi hauhitaji mitambo ya gharama. Huhitaji karatasi, saa, mtu makini, na uongozi wa chama ulio tayari kubandika matokeo kwenye ubao wa matangazo na kuyajadili na wanachama pamoja na vibarua. Mkulima naye anayo haki ya kuuliza katika mkutano mkuu wa chama chake: tangu alipofika mlangoni hadi alipokabidhiwa stakabadhi, zimepita dakika ngapi, na ni hatua gani iliyozichukua?