Udongo wa Nyando na Jicho la Angani

Mto Nyando huanzia katika milima ya Nandi na Tinderet, hushuka mpaka uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu, na mwisho humimina maji yake katika Ghuba ya Winam, ambayo ni mkono wa Ziwa Viktoria ulioingia nchi ya Kenya. Wakati wa masika maji hayo hugeuka rangi yakawa kama uji wa wimbi. Rangi hiyo ni ya udongo, nao ni ngozi ya mashamba na malisho inayokwenda kuzikwa ziwani. Mto hauna kosa, maana huchukua tu kile ambacho mizizi haikukishika. Basi, ardhi iliyo tupu iko wapi, na ni nani aliyeivua nguo? Maswali haya mawili hufanana, lakini historia ya pwani hii yatufundisha kuwa si swali moja.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Baada yake walowezi wa Kizungu walipewa mashamba upande wa Muhoroni, Koru na Songhor, na wakulima wa Kihindi wakakaa Kibos. Waafrika walifungiwa ndani ya mipaka ya maeneo waliyotengewa, na humo watu na mifugo wakazidi kuongezeka. Katika miaka ya 1930 dhoruba za vumbi ziliharibu mashamba mengi katika nyanda za Marekani, na habari zake zikawatia hofu watawala wa Kenya. Walipotazama nchi waliona vipara na makorongo, wakasema upesi kuwa kosa ni la mfugaji Mwafrika na wingi wa ng'ombe wake. Ni wachache waliouliza kama ufinyu wa ardhi haukuwa na sehemu yake katika hasara ile. Katika sehemu nyingi za nchi watu walilazimishwa kuchimba matuta, na kazi iliyokuwa njema kwa shamba ikachukiwa kwa sababu ya amri iliyoileta. Macho yaliona sawa, bali hukumu ilipotoka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndege za Waingereza zilipiga picha za nchi kwa ajili ya kuchora ramani. Picha hizo zilionyesha mengi, lakini safari za ndege ni ghali, na mahali palipopigwa picha mara moja paliweza kukaa miaka mingi kabla ya kupigwa tena.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat. Ilizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 900 hivi, na kila baada ya siku 18 ilirudi juu ya mahali pale pale. Mwaka 1975 kituo cha nchi za Afrika kwa ajili ya upimaji na picha za namna hii kiliundwa, makao yake yakiwa Nairobi.

Na tujue sasa jinsi chombo hicho kinavyotambua udongo mtupu. Jani bichi hula nuru nyekundu ya jua ili kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi nuru nyingine iliyo ng'ambo ya nyekundu, ambayo jicho la binadamu haliioni. Maji huimeza nuru hiyo karibu yote. Udongo mtupu haufanyi kama jani wala kama maji: hurudisha nuru zote mbili kwa vipimo visivyoachana sana. Basi mtaalamu hulinganisha vipimo hivyo, na tofauti ikiwa ndogo hushuku kuwa pale hapana majani.

Mnamo mwaka 1999 wataalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-misitu kilichoko Nairobi, wakishirikiana na Wizara ya Kilimo, walianza kulichunguza bonde la Nyando kwa njia hii. Picha za Landsat zilionyesha wingu la matope likitoka katika kinywa cha mto na kutanda ghubani. Lakini wataalamu hawakuridhika na picha peke yake. Walikwenda kwa miguu, wakachukua sampuli za udongo, wakazimulika kwa taa katika maabara ili wajue udongo mzima na udongo mgonjwa hurudisha nuru namna gani.

Walifanya vyema, kwa kuwa picha moja huweza kudanganya. Shamba lililolimwa mwezi wa Februari likingojea mvua huonekana tupu, na hali mwenyewe ni mkulima hodari. Nyasi zilizokauka hufanana na udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kano hurudisha nuru kidogo kuliko udongo mwekundu wa milimani, na wakati wa masika, ambapo mmomonyoko ni mkali, mawingu huifunika nchi. Dawa yake ni kulinganisha picha za majira na miaka mingi. Mahali palipo tupu Februari na kijani Mei pamepumzika tu. Palipo tupu mwaka baada ya mwaka ndipo penye ugonjwa. Tangu mwaka 2008 hazina ya picha za Landsat imefunguliwa bure kwa watu wote, na setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, huonyesha hata kipande cha ardhi chenye mita 10 kila upande.

Hivyo kijana wa Kisumu leo aweza kuona mengi kuliko afisa yeyote wa kikoloni. Lakini setilaiti haijui mpaka uliochorwa zamani, wala haki ya shamba, wala umaskini uliomfanya mtu kukata mti wake wa mwisho. Huonyesha mahali; sababu haisemi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na korongo nalo huanza kwa ufa. Ni wajibu wetu kuuona ufa huo mapema kwa jicho la angani, kisha tushuke tukamwulize mwenye shamba kabla ya kumhukumu.