Historia Fupi ya Kiti cha Safari



Katika taarifa ya mwaka ni desturi kuhesabu fedha na mikutano. Kwa idhini yenu, twaongeza habari ya kiti: kile cha mbao na ngozi, chenye mikanda ya ngozi mahali pa kuwekea mikono, ambacho Wazungu walikichukua safarini.

Asili yake ni Roorkee, Bara Hindi, kwenye makao ya wahandisi wa jeshi la Waingereza, mwishoni mwa karne ya 19. Hakina gundi wala misumari. Ncha za mbao huingia katika matundu ya miguu, na uzito wa aketiye ndio unaokikaza. Hata juu ya ardhi isiyo sawa, kila mguu hupata mahali pake. Kikifunguliwa huwa furushi dogo. Ndiyo maana kilifika Kenya pamoja na maofisa, wawindaji na walowezi.

Mwaka 1933 Kaare Klint, mwalimu wa usanifu wa samani huko Denmark, alibuni kiti chake kwa mfano huo. Husimuliwa kwamba alikiona katika picha za Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliopiga filamu za wanyama nchini Kenya katika miaka ya 1920. Kiti hicho husifiwa hata leo miongoni mwa kazi za mwanzo za usanifu wa kisasa.

Jina la Klint limeandikwa. Lakini wapagazi waliobeba viti vya namna hiyo mchana kutwa, ili mwingine aketi jioni, ni wachache mno watajwao kwa majina.

Nasi Wakipsigis tuna kigoda chetu, ng'echeret, kilichochongwa kwa gogo moja, bila kiungo hata kimoja. Je, wachongaji wake nao wasahauliwe, na safari hii kwa uzembe wetu wenyewe?

Kwa hiyo twawaomba wazee wa Kimulot jambo moja. Kabla kigoda cha zamani hakijauzwa kwa mpita njia au kutiwa motoni, tuelezeni: nani alikichonga, kwa mti gani, na nani alikikalia? Kigoda kikipotea, kingine chaweza kuchongwa. Jina likipotea halichongeki. Karani wa Chama yu tayari kuyaandika hayo kila siku ya mkutano.