Macho ya Watoto wa Kingston

Mwaka 1973, katika Hospitali ya Victoria Jubilee mjini Kingston, Jamaika, ilianza kazi ambayo sisi wa vyumba vya macho tunaishukuru hadi leo. Kila mtoto aliyezaliwa pale kwa njia ya kawaida alichukuliwa damu ya kitovu ikapimwa. Hawakusubiri mtoto aumwe. Hadi mwisho wa 1981 walikuwa wamepima watoto 100,000, na 315 kati yao walikutwa wamerithi selimundu kwa baba na kwa mama, hali inayoandikwa SS. Wengine walikutwa na SC: mzazi mmoja katoa kinasaba cha selimundu, mwingine katoa cha himoglobini C. Daktari Graham Serjeant, Mwingereza aliyefanya Jamaika kuwa kwao, alisimamia kuwafuatilia mpaka wakawa watu wazima. Wakati wote huo macho yao yalikuwa yakitazamwa, hata ya wale wasiokuwa na shida yoyote ya kuona.

Mimi ni muuguzi wa macho, Kanda ya Ziwa, Tanzania. Wagonjwa wa selimundu niliowapokea walifika kwangu wakati uoni umeshaondoka. Mmoja alikuwa fundi cherehani, kijana mpole sana. Aliniambia, “Sista, nilikuwa natunga uzi, nikaona masizi yanashuka.” Ndani ya jicho lake kulikuwa kumejaa damu. Kadi yake ya kliniki ilikuwa nene: maumivu ya mifupa, malaria, kuongezewa damu mara kwa mara, vidonge vya foliki. Niliigeuza ukurasa kwa ukurasa, na neno jicho halikuwamo. Waliomtibu walipambana na vitu vilivyokuwa vikitishia kumuua, na walimfikisha utu uzima, hilo nalithamini. Lakini kijana anayeishi kwa sindano na uzi anahitaji macho.

Maradhi haya ya jicho huanzia mbali na pale tunapotumia kusoma. Chembe nyekundu ya mwenye selimundu ikikosa oksijeni hujikunja na kuwa ngumu, ikakwama kwenye mishipa midogo kabisa iliyo pembezoni mwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Pembeni pakifa, mwenyewe hajui. Anaendelea kutunga uzi. Retina yenye njaa ya oksijeni huchochea mishipa mipya iote, nayo huota dhaifu. Ikivuja, damu humwagika kwenye ute wa jicho. Makovu yakijikaza, huivuta retina mpaka ibanduke. Katika safari yote hiyo hakuna maumivu.

Ndiyo maana ugonjwa wenyewe ulijulikana miaka mingi kabla ya athari zake machoni kupangwa vizuri. James Herrick aliuandika Chicago mwaka 1910, kutokana na damu ya Walter Clement Noel, kijana kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Kuufikia ukingo wa retina kulihitaji vifaa vingine. Katika miaka ya 1940 Charles Schepens, Mbelgiji, alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichomwezesha daktari kutazama kwa macho mawili mpaka ukingoni. Mwaka 1961 Novotny na Alvis, wakiwa bado wanafunzi wa udaktari Marekani, walichapisha njia ya kupiga picha za mishipa ya retina baada ya kudunga rangi inayong’aa kwenye mkono. Mishipa inayovuja ikaanza kujionyesha. Mwaka 1966 Welch na Goldberg wakaielezea mishipa mipya ya selimundu kwa jina la tumbawe laini la baharini, lililotanda kama pepeo la kuchochea moto. Miaka mitano baadaye Morton Goldberg akaipanga safari ya ugonjwa katika hatua tano, kuanzia mshipa kuziba hadi retina kubanduka. Bado tunazitumia.

Jamaika ndiko lilikojitokeza jambo lililonishangaza kuliko yote niliyosoma. Mwenye SC huugua kidogo kuliko mwenye SS, lakini jicho lake huharibika zaidi. Watoto wale wa Kingston walipofika umri wa miaka 24 hadi 26, asilimia 43 ya wenye SC walikuwa wameota mishipa hiyo mipya, na asilimia 14 ya wenye SS. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba damu ya SC ni nyingi na nzito, na mishipa huziba nusunusu, hivyo retina hubaki hai ikiendelea kudai oksijeni.

Himoglobini C asili yake ni Afrika Magharibi, kwa hiyo wagonjwa wetu karibu wote ni SS. Nimewahi kuambiwa tusihangaike basi. Sikubaliani hata kidogo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba kinasaba kimoja cha selimundu humkinga mtoto na malaria, na ndiyo sababu kimejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Hata sehemu ndogo ya idadi hiyo ni madarasa mazima ya watoto.

Wenye kinasaba kimoja nao wana jambo lao. Huambiwa si wagonjwa, na ni kweli. Ila wakipigwa mpira jichoni na damu ikatuama mbele ya mboni, chembe hujikunja humo, huziba njia ya maji ya jicho, na presha hupanda upesi. Mshipa wa fahamu wa jicho hauvumilii. Asetazolamaidi, dawa tuliyozoea kushushia presha hiyo, inaweza kuzidisha kujikunja. Nilikuwa nawauliza wazazi habari za damu ya ukoo kabla hata ya kushika tochi.

Kingston pia ilifundisha subira. Takriban theluthi ya macho yaliyokuwa na mishipa mipya, mishipa hiyo ilinyauka yenyewe. Na leza ya zamani, iliyochoma mshipa unaolisha tumbawe, ilichana retina za baadhi ya watu. Baadaye wakahamia kuchoma kwa kutawanya kwenye eneo lenye njaa. Kuamua jicho lichomwe au lisubiriwe kunahitaji kujua lilikuwaje mwaka uliopita.

Mwongozo wa Marekani wa 2014 unataka mtoto apanuliwe mboni na kutazamwa retina kuanzia miaka 10, kisha kila mwaka mmoja au miwili. Matone ya kupanua mboni tunayo. Katika kadi ya selimundu naomba safu moja tu, ya tarehe ya retina, ijazwe kuanzia darasa la nne, mtoto akiwa bado anasoma ubaoni bila shida.