Padel kwenye joto: saa moja ya kiwanja ingegharimu nini Mwea?

Padel ni mchezo wa raketi unaochezwa na watu wanne, wawili kila upande, ndani ya kiwanja cha mita 20 kwa 10 kilichozungushiwa kuta za kioo na wavu wa chuma. Pointi huhesabiwa kama za tenisi, lakini mpira ukishadunda chini unaweza kugonga ukuta na bado ukarudishwa. Raketi yake haina nyuzi. Ni ubao mzito kidogo wenye matundu, na ndani yake mna sponji ngumu. Mtu asiyewahi kucheza tenisi hujikuta anarudisha mipira siku ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu mchezo umesambaa haraka.

Haukuzaliwa kwenye baridi. Kiwanja cha kwanza kilijengwa na Enrique Corcuera nyumbani kwake Acapulco, mji wa joto wa pwani ya Meksiko, mwaka 1969. Kutoka huko ulifika Marbella, Hispania, mwaka 1974. Siku hizi jamaa zetu walioko Ghuba wanaujua kuliko sisi: mashindano ya dunia yalichezwa Doha mwaka 2021 na Dubai mwaka 2022. Vijana wakirudi likizo huja na raketi begani na swali moja: huku kwetu saa ni shilingi ngapi?

Jibu la haraka ni kutaja bei ya kiwanja fulani cha Nairobi. Jibu hilo halisaidii, kwa sababu mahali pa joto bei ya saa hupangwa na jua kabla haijapangwa na mwenye kiwanja. Ili tuone hivyo, tuchukue mji mmoja na tupige hesabu hadi mwisho.

Tuchukue Mwea. Pwani tunaijua Mwea kwenye sufuria, maana pishori ya pilau inatoka huko, lakini wengi hudhani kila mji ulio chini ya Mlima Kenya ni wa makoti na soksi. Sivyo. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mwezi wa Julai watu hutetemeka adhuhuri. Mwea iko tambarare, mita 1,150 hivi, na kati ya Januari na Machi jua la saa saba mchana huwapeleka wapandaji mpunga chini ya mti. Haina unyevu wa Mombasa wala hewa ya chumvi inayokula chuma. Kwa hiyo ni mfano mzuri wa joto peke yake.

Kwanza, joto linafanya nini? Zulia la nyasi bandia linalotandikwa kwenye kiwanja, pamoja na mchanga unaomwagwa juu yake, hupata moto kuliko nyasi za kawaida; jua kali likipiga, nyayo huzisikia hata ndani ya kiatu. Vioo huzuia upepo. Sponji ya raketi hulainika na mpira huruka zaidi, na kwa kuwa Mwea ni juu kuliko pwani na hewa ni nyepesi, huruka zaidi tena. (Raketi ikiachwa ndani ya gari juani, imekwisha. Hilo si suala la bei ya saa, ila ni hasara niliyoiona mara nyingi mno.) Matokeo yake ni kwamba kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kiwanja kisicho na paa hubaki kitupu. Mwenye kiwanja anauza asubuhi kidogo na jioni kidogo, na saa hizo chache ndizo zinazolipa mkopo, mlinzi na kodi ya ardhi.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, kila mtu abadilishe kwa bei atakayopewa. Tuseme kiwanja kimoja kimekamilika kwa shilingi milioni 4 na kinatakiwa kurudisha fedha hizo kwa miaka 5: hiyo ni 800,000 kwa mwaka. Tuongeze 600,000 za mwangalizi, ulinzi, maji na matengenezo. Jumla 1,400,000. Kikikodiwa kwa wastani saa 3 kwa siku, siku 300 za mwaka, ni saa 900. Kila saa inatakiwa ilete shilingi 1,556, yaani 389 kwa kila mchezaji. Pishori ikiwa shilingi 200 kwa kilo, kila mmoja ameacha pale karibu kilo mbili.

Tuweke paa la mabati la juu, pande zikiwa wazi, kwa milioni 1.5 zaidi. Gharama ya mwaka inapanda hadi 1,700,000. Lakini paa linafungua saa za mchana, na halikufungulii jua peke yake: mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba nazo haziharibu tena miadi. Kikikodiwa saa 5 badala ya 3, saa za mwaka ni 1,500. Saa inashuka hadi 1,133, au 283 kwa mtu. Kiwanja kilichogharimu zaidi kimekuwa cha bei nafuu. Dubai wamelazimika kufunga kuta na kuweka viyoyozi. Mwea haihitaji hayo, kivuli na upepo vinatosha. Hapa ndipo Mwea inapoishinda Mombasa, ambako kivuli hakiondoi jasho na chuma lazima kipakwe zinki ya kutosha la sivyo kitu kitaanza kubanduka kabla mkopo haujaisha.

Wengi huogopa taa. Mpangilio wa kawaida ni taa 8 za wati 200, yaani uniti 1.6 kwa saa. Hata uniti ikihesabiwa shilingi 30, ni shilingi 48, kumi na mbili kwa kila mchezaji. Anayekutoza mia tano zaidi usiku kwa sababu ya stima anakutoza kwa sababu wewe unataka saa hiyo, si kwa sababu ya stima. Kitu cha kuhesabu usiku wa Mwea ni mbu. Mashamba ya mpunga hujaa maji sehemu kubwa ya msimu, na taa zikiwaka kila kitu chenye mabawa hujua ulipo. Soksi ndefu na dawa ya kupaka ni sehemu ya gharama.

Kwa mchezaji mwenyewe, vifaa si mzigo akiwa na subira. Raketi ya kukodi inatosha miezi ya mwanzo. Ukinunua, chukua ya duara na laini, si ile yenye umbo la almasi wanayoshika mabingwa. Kopo la mipira lina mitatu na hugawanywa kwa wanne. Viatu vya tenisi vinafaa. Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani, lita moja na nusu kwa mtu, kwa kuwa chupa baridi ya kibanda cha pale ndiyo inayogeuza 283 kuwa 400 bila mtu kugundua.

Lakini fedha nyingi za Mwea zitapotelea ardhini, na hili ndilo ningependa chama chochote cha vijana kilisome mara mbili. Mji wa Wang'uru una uwanja wake mkubwa, ule uliofanyiwa sherehe za Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2021, na kwa kandanda mpira mmoja unachezesha watu 22 hata ardhi ikiwa na mawimbi. Padel haisamehe mawimbi. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaoifaa mpunga, kwa kuwa hushika maji, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nyufa za kuingiza mkono. Msingi ukiinuka kona moja sentimita chache tu, fremu hujipinda, na kioo kigumu cha milimita 10 au 12 hakiwi na ufa: hupasuka chote kwa mara moja. Bei ya muuzaji wa vifaa haihusu udongo wako. Lazima mweusi uchimbwe utolewe, ujazwe udongo mwekundu wa changarawe ule wa barabara, ushindiliwe tabaka kwa tabaka, ndipo zege limwagwe, na mfereji wa kuondoa maji upite pembeni. Kwenye kiinuko chenye udongo mwekundu kazi hiyo hupungua sana, hata kama kiwanja kitakuwa mbali kidogo na stendi.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza hata kioo kimoja, lipeni kibarua achimbe mashimo manne, moja kila kona, mwishoni mwa kiangazi. Halafu mrudi kuyatazama mvua ikishanyesha wiki mbili.