Baiskeli ya injini: Sproketi ndogo si lazima ilete kasi

WENGI wanaofunga injini ndogo kwenye baiskeli hutamani mapema kubadili sproketi ya nyuma, na huchukua yenye meno machache wakiamini watakimbia zaidi. Matokeo yake mara nyingi ni baiskeli inayoshindwa kupanda mlima na klachi inayoungua.

Seti zilizoenea zaidi ni zile za Kichina zenye injini ya mapigo mawili, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Nyingine huuzwa kwa jina la cc 80, ingawa silinda yenye kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38 haizidi cc 66. Kwa kawaida sproketi ya injini huwa na meno 10 na ya nyuma meno 44. Kwa kuwa gia za ndani nazo hupunguza mizunguko kwa takriban mara 4.1, injini huzunguka mara 18 hivi ili gurudumu lizunguke mara moja.

Kwa gurudumu la inchi 26, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, meno 44 hutoa kasi ya kilometa 34 hivi kwa saa. Meno 36 hutoa 42, na meno 50 hutoa 30.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Sproketi haiongezi nguvu ya injini, bali huigawa tu. Ukitoka meno 44 kwenda 36, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu hupungua kwa asilimia 18. Penye mlima, upepo wa mbele au mzigo, injini haiwezi tena kufikia mizunguko hiyo 5,000, na mwendeshaji hujikuta akienda polepole kuliko awali, huku akishikilia klachi nusu ili injini isizimike.

Kwa mwendeshaji mwepesi katika mji tambarare, meno 40 au 41 yanatosha. Penye vilima au mizigo, 48 hadi 50 ni chaguo la busara. Meno 56 huvuta vizuri, lakini barabara ikinyooka injini hulia kupita kiasi, hupata moto, na mtetemo hulegeza nati. Anayetaka kuvuka kilometa 40 kwa saa aanze na breki, kwani nyingi za baiskeli zilitengenezwa kwa ajili ya mwendo wa pedali.

Hatari kubwa zaidi imo katika ufungaji. Sproketi ya seti hizi hubanwa kwenye spoki kwa bolti 9 na vipande vya mpira. Ikikaa upande, mnyororo huruka, huingia kwenye spoki na kufunga gurudumu la nyuma ghafla.

Fundi makini huzungusha gurudumu likiwa juu, akiwa ameshika msumari karibu na meno; pengo likibadilika, hulegeza bolti na kuanza upya. Kutoka meno 44 kwenda 36, mnyororo hupunguzwa vipande 4 hivi. Sproketi kubwa nayo huusogeza mnyororo karibu na fremu, hivyo nafasi hiyo hukaguliwa kabla injini haijawashwa. Bolti zote hukazwa tena baada ya kilometa chache za kwanza.