Sheria za majimbo kuhusu dawa (Marekani)

Sheria za majimbo kuhusu dawa ni kanuni ambazo kila jimbo la Marekani hujitungia kuamua nani anaweza kuandika cheti cha dawa, mfamasia atoe nini na kwa masharti gani, na mgonjwa asiye na uwezo asaidiweje. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1951, Durham-Humphrey, ilitenga dawa zinazohitaji cheti cha daktari na zile zinazouzwa bila cheti. Mengi ya yanayofuata pale dirishani kwa mfamasia yako mikononi mwa majimbo. Kwa hiyo watu wawili wanaotumia insulini ileile wanaweza kutofautiana sana kwa gharama, kwa sababu tu mmoja anaishi upande wa pili wa mpaka wa jimbo.

Sheria kadhaa kati ya hizo zilidaiwa na familia zilizofiwa. Kevin Houdeshell, mgonjwa wa kisukari wa Ohio, aliishiwa insulini wakati wa sikukuu ya kuingia mwaka 2014. Cheti chake kilikuwa kimeisha muda na ofisi ya daktari ilikuwa imefungwa. Sheria ya wakati huo ilimruhusu mfamasia kutoa dawa ya dharura ya saa 72 tu, ilhali insulini hufungwa katika vichupa na kalamu ambazo hazikatwi kipande. Houdeshell alifariki. Wazazi wake wakalifuata bunge la jimbo, na Desemba 2015 ikapatikana sheria inayomruhusu mfamasia kutoa dawa ya hadi mwezi mmoja bila cheti kipya, kwa mgonjwa ambaye maisha yake yanaitegemea. Majimbo mengine mengi yameiga sheria hiyo.

Kwa Alec Smith, mgonjwa wa kisukari wa Minnesota, kikwazo kilikuwa bei. Mwaka 2017 alitimiza miaka 26, umri ambao kijana huondolewa katika bima ya wazazi. Insulini na vifaa vyake vilimgharimu takriban dola 1,300 kwa mwezi. Akaanza kuipunja dozi ili imfikishe siku ya mshahara, na kabla mwezi haujaisha tangu bima hiyo ikome akakutwa amefariki nyumbani kwake. Mama yake, Nicole Smith-Holt, alisimama mbele ya wabunge mara nyingi hadi gavana Tim Walz alipotia saini, Aprili 2020, sheria yenye jina la mwanawe.

Sheria hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ni ya dharura. Mkazi wa Minnesota aliyebakiwa na insulini isiyofika siku 7, na ambaye hulazimika kuilipia zaidi ya dola 75 kwa mwezi, huenda duka la dawa na cheti halali na kitambulisho, akajaza fomu. Mfamasia humpa dawa ya siku 30 palepale na kumtoza kisichozidi dola 35. Hakuna kuulizwa kipato, ila walio katika bima za umma za jimbo hawahusiki, na nafasi hii hupatikana mara moja tu katika miezi 12. Njia ya pili ni ya mwaka mzima, kwa kaya ambazo kipato chake hakizidi mara nne ya kiwango cha umaskini: insulini ya siku 90 kwa kisichozidi dola 50. Sheria ilipopitishwa, gharama iliwaangukia watengenezaji, na ndiyo maana chama chao kilifungua kesi Juni 30, 2020, siku moja kabla ya sheria kuanza kutumika.

Colorado ilitangulia kwa njia nyingine. Mwaka 2019 ilikuwa jimbo la kwanza kuweka kikomo cha mchango wa mgonjwa mwenye bima, dola 100 kwa insulini ya mwezi. Hata hivyo vikomo vya namna hii vina tundu kubwa. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974, ERISA, huzuia majimbo kuzigusa bima ambazo waajiri wenyewe hubeba gharama zake, na humo ndimo waliomo wafanyakazi wengi wa kampuni kubwa. Mtu huweza kusikia redioni kwamba insulini imepata kikomo, akafika dukani akatajiwa bei ya zamani.

Misaada kwa wazee ina umri mkubwa zaidi. Mpango wa PAAD wa New Jersey, ulioanza 1975, humtoza mwanachama dola 5 au 7 kwa dawa moja. Mpango wa PACE wa Pennsylvania huendeshwa kwa mapato ya bahati nasibu ya jimbo, na uko wazi kwa wakazi wa miaka 65 na kuendelea wenye kipato cha chini.

Wageni kutoka Kenya, Kongo na Somalia, ambao Minnesota ina jamii zao, wanapaswa kujua kwamba hospitali na zahanati zinazopokea fedha za serikali kuu hulazimika kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Waelekezi wa MNsure, soko la bima la jimbo hilo, nao husaidia bure kujaza maombi ya insulini ya mwaka mzima.