Kuyasoma Mawe ya Mugumu: Historia ya Stadi ya Watafuta Madini katika Nyanda za Mara

Mji wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti katika Mkoa wa Mara, umekaa juu ya miamba ambayo umri wake unaipita kwa mbali miamba inayotoa vito maarufu vya Tanzania, na tofauti hiyo ya umri imeamua kwa kiasi kikubwa ni watu wa aina gani waliofika kuikagua ardhi yake na walikuwa wakitafuta nini. Chini ya mji huo na ya wilaya jirani ya Tarime kuna kratoni, yaani kiini cha bara kilichotulia zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na ndani ya kratoni hiyo imepita mikanda ya mawe ya kijani, ambayo asili yake ni lava ya kale na mashapo yaliyobadilishwa na joto na mgandamizo. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mbuga za Serengeti, kratoni inapakana na Ukanda wa Msumbiji, ambao miamba yake ilikandwa upya takriban miaka milioni 600 iliyopita, na ndiko zinakotoka tanzanaiti ya Mirerani, rubi ya Longido na ganeti ya kijani ya Lemshuku. Mikanda ya mawe ya kijani hutoa dhahabu, na Ukanda wa Msumbiji hutoa vito. Lakini stadi ya kuyatambua mawe kwa macho, kwa mkono na kwa karai ni moja pande zote mbili, na katika historia ya Mara nafasi ya kuitumia stadi hiyo imeinuka na kuanguka zaidi kwa kufuata bei na mipaka kuliko kwa kufuata wingi wa madini yenyewe.

Ushahidi wa mwanzo wa usomaji wa mawe katika eneo hili ni wa zamani kuliko hamu ya dhahabu. Huko Gogo Falls, kwenye Mto Kuja, upande wa Kenya kaskazini mwa Tarime, wanaakiolojia wamefukua masalia ya wafugaji walioishi miaka ipatayo 2,000 iliyopita, na miongoni mwa zana zao mna visu na vijembe vidogo vya obsidiani, kioo cha asili kinachotokea lava inapopoa upesi. Obsidiani haipatikani jirani na hapo, na uchunguzi wa kemia umeonyesha kuwa ilitoka Eburru na Naivasha katika Bonde la Ufa, mwendo wa kilomita zipatazo 200. Watu waliokuwa na kwatzi tele miguuni mwao, jiwe gumu jeupe linalochongeka kwa shida, hawangejisumbua kulileta jiwe jingine kutoka mbali kiasi hicho kama hawakujua kupambanua ubora wa makali na namna jiwe linavyopasuka. Katika karne za baadaye ujuzi wa namna hiyo ulishikwa na wahunzi, ambao katika jamii za magharibi mwa Serengeti walijulikana kuwa Waturi.

Utawala wa Wajerumani uliingiza jambo jipya, nalo ni sheria iliyoyatenganisha madini na ardhi yenyewe, ili mwenye shamba asiwe mwenye kilicho chini ya shamba. Sheria ya madini ya mwaka 1906 ilimruhusu mtafutaji kujiwekea eneo la upekuzi na baadaye kuomba haki ya kuchimba, na wakati huohuo ngome ya Ikoma, iliyojengwa kwa mawe karibu na Mugumu ya leo, iliwapa Wajerumani kituo cha kudumu katika nyanda hizo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia dhahabu ilikwisha kuanza kuchimbwa Buhemba, magharibi mwa Mugumu, ingawa mgodi uliokuwa na sifa zaidi katika koloni ulikuwa Sekenke wa Singida, ambao dhahabu yake ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kugonga sarafu za rupia 15 huko Tabora, baada ya koloni kuzingirwa na kukatiwa njia ya kupata fedha kutoka Ulaya.

Chini ya Waingereza upekuzi ulipata chombo cha kitaalamu, kwani Idara ya Jiolojia ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1925 na kuweka makao yake Dodoma, ambako sampuli zilipimwa na ramani za miamba zikachorwa. Hata hivyo, kilichowasukuma watu kumiminika kandokando ya Ziwa Viktoria hakikuwa ramani. Mwezi Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu, thamani ya dhahabu kwa pauni ikapanda, na mwaka 1934 Marekani ikainua bei rasmi kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Mshipa ambao jana haukulipa ujira wa vibarua ukawa mali leo. Kakamega, upande wa Kenya, ilivamiwa na watafutaji kuanzia mwaka 1931, na katika muongo huohuo migodi ya upande wa Tanganyika, kama vile Kiabakari na Kilimafedha, ikashika kasi. Bei iliyofanya miujiza hiyo ndiyo iliyokuja kuiua baadaye, kwa kuwa dola 35 zilibaki palepale kwa zaidi ya miaka thelathini huku mishahara, mafuta na vipuri vikipanda, hata mgodi wa Kiabakari ukafungwa mwaka 1966, mwaka uleule ulipofungwa ule wa Geita.

Katika kipindi hicho stadi ya mtafutaji ilijengeka kwa taratibu ambazo wachimbaji wadogo wa Mara wanazifuata mpaka sasa. Mtafutaji hutazama kwanza kwatzi yenye kutu, yaani iliyojaa madoa ya kahawia na vijitundu, kwa sababu vijitundu hivyo huachwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo mara nyingi huandamana na dhahabu na ambayo huoza yakipigwa na hewa na mvua. Kipande cha jiwe hilo hutwangwa katika kinu cha chuma mpaka kiwe unga, unga hutiwa katika karai pamoja na maji, na karai huzungushwa kwa mwinamo mdogo ili vumbi jepesi limwagike ukingoni. Uzito ndio unaotoa hukumu: kwatzi ina uzito mara 2.65 wa maji, pairaiti mara 5, na dhahabu safi mara 19.3, hivyo mwisho wa mzunguko hubaki mchanga mweusi wa chuma, na nyuma ya mchanga huo mkia mwembamba wa njano. Mchanga mweusi huvutwa kwa sumaku, na urefu wa mkia humwonyesha mchimbaji kama rifu, yaani mshipa wa mwamba wenye dhahabu, inafaa kufuatwa kwa duara, yaani shimo la kuchimbia, au iachwe.

Rangi peke yake ni shahidi wa uongo, kwani pairaiti nayo hung'aa njano. Mjuzi huipiga nyundo: pairaiti hupasuka vipande vipande, ilhali dhahabu hubonyea na kutandazika. Akiisugua juu ya kigae kisichopakwa rangi ya kung'aa, pairaiti huacha mstari mweusi, na dhahabu huacha mstari wa njano. Karai hilohilo humfaa pia mtafuta vito, kwa sababu ganeti na rubi ni nzito kuliko kwatzi na hubaki chini pamoja na mchanga mweusi. Hapo kinachofuata ni kipimo cha ugumu, ambacho Friedrich Mohs wa Ujerumani alikipanga mwaka 1812 kwa daraja kumi; kwatzi ikiwa ya saba, rubi ya tisa na almasi ya kumi, jiwe lisiloweza kuikwaruza kwatzi haliwezi kuwa rubi, hata likiwa jekundu namna gani.

Baada ya uhuru, tukio lililoonyesha thamani ya macho yasiyo na cheti lilitokea nje ya Mara. Mwaka 1967 Jumanne Ngoma, mtu asiye na elimu ya jiolojia, aliokota mawe ya buluu huko Mirerani, na uchunguzi wa wataalamu ukayatambua kuwa aina ya zoisaiti isiyopata kujulikana, ambayo mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York iliiuza kwa jina la tanzanaiti. Serikali ilimtunukia Ngoma rasmi mwaka 2018, zaidi ya nusu karne baadaye. Mara nako wapo wengi wenye macho kama hayo, lakini ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951 na kubadilishiwa mipaka mwaka 1959, iliifunika Kilimafedha, na humo hairuhusiwi kutafuta wala kuchukua jiwe. Upande wa Tarime, mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 huko Nyamongo, mahali palipokuwa na wachimbaji wadogo kabla yake, na watu waliozoea kuitambua rifu kwa kuitazama wakawa wanaingia katika marundo ya mawe ya mgodi kuokota yaliyosazwa. Makabiliano na walinzi na polisi yalileta vifo na majeruhi, na madai yaliyofikishwa mahakamani London dhidi ya kampuni iliyoumiliki mgodi yalimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inasema wazi kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kutafuta wala kuchimba madini bila leseni, na kwa hiyo upekuzi wa mawe kwa kujifurahisha, ambao katika nchi nyingine ni mapumziko ya mwisho wa wiki, nchini Tanzania hauna nafasi yake ya pekee katika sheria. Njia iliyofunguliwa ni leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo ni haki ya raia, pamoja na masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, la kwanza likiwa Geita, ambako dhahabu hupimwa na kulipiwa hadharani. Masoko hayo yametatua tatizo la muuzaji, si la msomaji wa mawe. Ujuzi wa karai, nyundo na kigae bado hurithishwa kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea, bila kuandikwa na bila kuthibitishwa, ilhali ndio uliotangulia karibu kila mgodi mkubwa wa nyanda hizi. Serikali inayoutoza ujuzi huo mrabaha unapozaa dhahabu ingestahili pia kuufundisha na kuutambua kabla haujazaa, kwa maana historia ya Mugumu inaonyesha kuwa wajuzi hawakupungua bei ilipodumaa wala mipaka ilipobanwa. Kilichopungua ni mahali pa halali pa kuutumia ujuzi wao.